Trekta la Bambi Halijafa

Bambi ni kijiji cha katikati ya Unguja. Chini ya kijiji kuna bonde, na bonde lile ni la mpunga. Katika miaka ya hamsini, mwanamke wa Bambi asiye na konde bondeni alionekana kama mtu asiye na jiko. Wanaume walikuwa na mihogo yao, minazi yao na vibarua vyao vya karafuu. Mpunga ulikuwa wa wanawake. Wao ndio waliolima, waliopanda, waliofukuza ndege na waliovuna.

Mwatum binti Machano alishika jembe tangu mdogo. Aliona mgongo wa mama yake ukipinda kwa jembe hilo hilo, na alikwisha apa kwamba wake hautapinda. Aliposikia kuwa shamba moja la minazi linauza trekta lake kuukuu, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi wenziwe. Wanawake wakasuka ukili, wakauza mikeka, wakauza kuku, na baadhi yao wakauza hata bangili. Mwisho trekta likaja Bambi. Lilikuwa dogo, la kijivu, rangi imebabuka na kiti kimepasuka. Watu wakaliita trekta la wanawake.

Dereva alikuwa Borafya, mume wa Mwatum. Aliwahi kuliendesha trekta hilo alipokuwa kibarua kule shambani. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, asiyependa kuulizwa maswali mengi.

Asubuhi za msimu wa kulima zilifanana. Mwatum aliamka mapema, akakoka moto, akachemsha chai na muhogo. Wakila, yeye na mumewe walizungumza juu ya konde la nani litalimwa siku hiyo. Kisha Borafya alikwenda kuliwasha trekta, na Mwatum alimfuata kwa miguu, kanga yake ameifunga kiunoni. Wanawake wengine waliungana nao njiani. Trekta likipita na plau lake, ardhi iligeuka nyeusi nyuma yake, na wao walifuata kuvunja madongoa. Kazi ya wiki nzima ya jembe la mkono ilikwisha kabla ya jua kuwa kali.

Mwaka mmoja mambo yaligeuka. Masika yalikuwa karibu. Upepo ulishaanza kubadilika, na makonde mengi yalikuwa bado hayajalimwa.

Kwanza Borafya aliona kuwa plau linapanda taratibu. Trekta lile lina mikono miwili ya chuma kwa nyuma, na plau hufungwa kwenye mikono hiyo. Dereva akivuta fimbo iliyo karibu na kiti, mikono hupanda na plau hutoka ardhini. Akiishusha fimbo, plau hurudi chini. Bila ya mikono kupanda, trekta haliwezi kugeuka mwisho wa mstari.

Siku iliyofuata mikono ilipanda huku ikitetemeka kama ya mtu mwenye homa. Ndani ya trekta kulisikika sauti ya kulia. Borafya alisema ni uzee wa chuma, akaendelea kulima. Siku ya tatu, katikati ya konde la Bi Mwanakhamis, alivuta fimbo na mikono haikupanda kabisa. Plau lilibaki limezama udongoni. Trekta likasimama pale pale.

Borafya alitafuta oili nyeusi iliyokwisha tumika kwenye injini ya lori, akamimina chupa moja kwenye tundu la kutilia oili. Hapakuwa na mabadiliko. Alipigapiga ubavu wa trekta kwa nyundo. Hapakuwa na mabadiliko pia. Jioni walilifungua plau, wakaliacha kondeni, na trekta likarudi kijijini mikono yake inaning'inia.

Habari mbaya haina nauli. Haukupita muda, akaja mtu kutoka mjini jina lake Simai. Kazi yake ilikuwa kununua vyuma chakavu, na bosi wake alikuwa na trekta kubwa la kukodisha. Simai alilizunguka trekta la wanawake mara moja tu. Hakufungua kitu, hakupima kitu. Akasema pampu imekufa, na pampu ya trekta la zamani kama lile haipatikani tena. Yeye yuko tayari kulichukua kama chuma. Ama kulima, trekta la bosi wake litalima bonde lote kabla ya mvua, na malipo yatakuwa nusu ya mavuno.

Wanaume waliokaa barazani waliona maneno hayo ni mazuri. Mmoja wao, Pandu, alisema mashine si mambo ya wanawake, na kwamba nusu ya mpunga ni bora kuliko kukosa wote. Wengine wakaitikia. Borafya alikuwa amekaa pembeni anaangalia vidole vyake vya miguu.

Mwatum alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua. Alisikia kila kitu. Akatoka nje.

"Bwana Simai," alisema, "umesema pampu imekufa. Umeiona?"

Simai akajibu kuwa yeye ameyaona matrekta mengi.

"Nakuuliza hili. Umelifungua ukaiona pampu?"

Simai alicheka kidogo, akasema hakuna haja ya kufungua kaburi ili ujue kuna maiti.

"Basi sisi hatuziki kabla hatujatazama," alisema Mwatum. "Trekta hatuuzi. Na nusu ya mpunga wetu hatutoi."

Pandu alimwambia asiwasemee wenziwe. Hapo Bi Mwanakhamis, aliyekuwa mkubwa kuliko wanawake wote wa bondeni, akajibu kutoka uani kwake kwamba Mwatum amesema lililomo moyoni mwa wote. Simai akapandisha mabega. Akasema atarudi na lori Jumamosi, baada ya wao kuchoka.

Nyumbani Borafya alikuwa na uchungu. Alimuuliza mkewe kwa nini amemwaibisha mbele ya watu.

"Sijakuaibisha, Baba Wanu," alisema Mwatum, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Wewe ndiye uliyelileta trekta hili mpaka hapa. Kesho nnakwenda mjini kutafuta fundi. Ukitaka twende sote, twende. Usipotaka, nitakie safari njema."

Borafya akasema kuwa zamani alimjua fundi mmoja anaitwa Mabrouk, aliyekuwa akija shambani kutengeneza matrekta. Sasa yuko gereji moja Malindi. Yeye hatakwenda, kwa sababu hana uso wa kumwambia kuwa trekta limemshinda.

Mwatum alipanda gari ya shamba ya alfajiri, pamoja na mafungu ya ndizi na makapu ya maembe. Alishuka Darajani, akajitanda buibui lake vizuri, akapita sokoni na kukata vichochoro vya Mji Mkongwe mpaka Malindi. Kila alipouliza, watu walimwelekeza huku wakimtazama mara ya pili. Mwanamke wa shamba, peke yake, anauliza gereji.

Fundi Mabrouk alikuwa mtu mfupi, mwenye mvi, na uso wa mtu aliyekatizwa kazi. Mwatum akamwamkia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Mwatum alimweleza yote. Fundi alisikiliza huku anaendelea kufungua nati za lori. Alipokwisha kusikiliza akasema hawezi kwenda Bambi. Injini ya lori lile iko wazi, na mwenyewe anaisubiri. Labda baada ya wiki mbili.

"Baada ya wiki mbili tutakuwa majini," alisema Mwatum. "Basi nifundishe mimi."

Fundi akaacha spana. Alimtazama kama anayetafuta mzaha usoni mwake. Hakuuona. Akasema kazi ile inachafua, inahitaji subira, na mtu akikosea ataharibu zaidi.

"Nshachafuka miaka yote kwa tope la bondeni," alijibu Mwatum. "Na subira nnayo. Mpunga hauoti kwa siku moja."

Fundi Mabrouk akavuta kigoda, akampa akae. Yeye akachukua pampu ya baiskeli iliyokuwa ukutani. Akaziba tundu lake kwa kidole, akamwambia aisukume. Mwatum alisukuma, akahisi upepo unagoma ndani.

"Unaona nguvu hiyo?" alisema fundi. "Trekta lako halitumii upepo. Linatumia oili. Tumboni mwake mna oili nyingi. Oili hiyo hiyo inalainisha gia, na hiyo hiyo pampu inainyonya na kuisukuma kwenye mtungi wa chuma. Oili ikiujaza mtungi, mikono inapanda. Oili isipofika, mikono haipandi. Watu huona mikono imelala, wakasema pampu imekufa. Mara nyingi pampu ni nzima. Ina njaa tu."

"Kitu gani kinaizuilia chakula?"

Fundi alifurahi kwa swali lile, ingawa hakutaka kuonyesha. Alimwambia aanze na mambo mepesi, na asirukie mazito. Kwanza aangalie kama pampu inazungushwa. Kuna fimbo ndogo ubavuni mwa trekta, upande wa kushoto, inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Fimbo hiyo ikiwa imetolewa, pampu imelala. Pili apime oili kwa kijiti chake, trekta likiwa limesimama pahala sawa na injini imezimwa. Oili ikiwa chini ya alama, pampu itanyonya hewa, nayo hewa haina nguvu ya kunyanyua plau. Tatu aitazame oili yenyewe. Oili nzima inang'aa na kupitisha mwanga. Ikiwa na mapovu, imechanganyika na hewa. Ikiwa nyeupe nyeupe, imeingia maji.

"Kama tui," alisema Mwatum.

"Kama tui hasa. Na oili ya tui haifai kitu. Itoe yote."

Jambo la nne lilikuwa chujio. Pampu hunyonya oili kupitia kichujio cha waya, ili uchafu usiingie. Fundi alimwonyesha kimoja kikuukuu kilichokuwa sandukuni. Mwatum alikigeuza mkononi, akatabasamu. Alisema hicho ni kifumbu. Ukikamua nazi, kifumbu kikijaa chicha, tui halipiti hata ukiminya mpaka mkono ukakuuma.

"Basi wewe unajua kazi hii kuliko ulivyodhani," alisema fundi. Kisha uso wake ukakunjamana tena, akamwonya. Kabla ya kutia mkono popote, ashushe mikono ya trekta mpaka chini kabisa, azime injini, na atie mawe kwenye magurudumu. Asipite mtu chini ya plau lililonyanyuliwa. Asichanganye oili mbalimbali. Oili iliyokwisha tumika kwenye injini ya lori si chakula cha trekta lile, na mafuta ya nazi ni ya nywele.

Alimtaka ayarudie yote. Mwatum akayarudia. Alisahau jambo la mawe, fundi akamfanya aanze tena tangu mwanzo. Mwisho akampa spana mbili za kuazima na kipande cha karatasi ngumu ya kukatia gaskiti, ile inayozuia oili isivuje kwenye mfuniko.

"Na jambo la mwisho, Bi Mwatum. Ukikuta maji, usiridhike kuyatoa. Tafuta yalipoingilia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Mwatum alipitia dukani Darajani akiwa na mchango wa wenziwe, akanunua oili ambayo fundi alimtajia jina lake. Alisoma maandishi ya kwenye debe herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima. Mwenye duka alimwambia ampe nyingine, zote ni oili. Mwatum akakataa. Akasubiri mpaka ile iliyoandikwa jina lenyewe ikaletwa kutoka nyuma ya duka.

Kesho yake asubuhi, wanawake walikusanyika uani kwa Mwatum. Borafya naye alikuja. Alisema amekuja kutazama tu.

Mwatum alihakikisha mikono ya trekta iko chini kabisa, akatia mawe kwenye magurudumu. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa juu. Ilikuwa imepita alama ya juu kabisa.

"Umeona?" alisema Borafya. "Oili imejaa tele. Tatizo si oili. Yule bwana alisema kweli, ni pampu."

Mwatum alikuwa karibu kukubali. Kisha akafikiri. Borafya alitia chupa moja tu. Chupa moja haiwezi kupandisha oili kiasi kile. Oili haizai. Basi kitu kingine kimeingia humo ndani. Alikiinua kijiti juani. Kilikuwa kimepakaa kitu kizito, cheupe cheupe.

Akampa mumewe akitazame. Borafya alikishika, akakinusa, akakisogeza tena machoni. Kisha akavua shati lake, akalitundika kwenye ukuta wa ua. Hakuwa mtazamaji tena.

Waliweka masufuria makuukuu chini ya tumbo la trekta. Borafya alilegeza kizibo cha chini taratibu. Kwanza yalitoka maji, maji matupu, yakitiririka kama kutoka mtungini. Wanawake wakatazamana. Nyuma ya maji ikaja oili nzito kama tui la kwanza. Bi Mwanakhamis aliagiza isimwagwe chini, kwa kuwa kisima hakiko mbali. Wakaikusanya yote katika madebe yenye mifuniko.

Ilipokwisha kutoka, wakafungua mfuniko wa duara ulioko ubavuni. Mwatum alikunja mkono wa gauni lake na kutia mkono ndani. Alipapasa mpaka akaligusa chujio. Lilikuwa limevaa kitu laini, kama ukoga. Walipolitoa na kulitia kwenye mafuta ya taa, kile kitu laini kikafumuka kikawa nyuzi. Nyuzi nyekundu na nyeusi, zimefungana na tope.

Borafya alizitambua kabla ya mtu mwingine. Aliinuka, akaenda kwenye fimbo ya gia. Chini ya fimbo hiyo kulikuwa na mpira wa kuzuia vumbi na mvua. Mpira ulikuwa umepasuka tangu zamani. Wakati wa vuli, trekta likilala nje, yeye alisokota kipande cha kanga kuukuu na kuziba ufa ule. Sasa kitambaa kilikuwa kimebaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa imeliwa na gia, uzi mmoja mmoja, na maji ya mvua yakapita pale pale.

"Nlikuwa nazuia mvua," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mwatum angeweza kusema mengi. Alichosema ni hiki:

"Ulizuia kwa ulichokuwa nacho. Leo tutazuia kwa kinachofaa."

Kazi ikaendelea. Walisafisha chujio mpaka waya zake zikaonekana zote. Walilikausha juani wala hawakulifuta kwa kitambaa chenye nyuzi. Waliosha ndani ya tumbo la trekta kwa mafuta ya taa kidogo na kuyaacha yatoke yote. Mwatum alikata gaskiti mpya kwa mkasi wa kushonea. Borafya alikata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu bovu, akakivisha kwenye fimbo ya gia na kukifunga kwa waya juu na chini. Bi Mwanakhamis akamimina maji kwa kata juu ya mpira ule ili waone kama yanapita. Hayakupita. Ndipo wakatia oili mpya, taratibu, mpaka kwenye alama.

Ilikuwa Jumamosi. Kabla hawajawasha, walisikia lori linapanda njia ya kijiji. Simai alikuwa amekuja kama alivyoahidi, na kamba na watu wa kubeba. Wanaume wa barazani walikuja nyuma yake. Pandu alikuwa wa mbele.

Borafya alipanda kitini, akawasha injini. Akavuta fimbo ya kunyanyulia. Watu wote waliangalia mikono ya chuma.

Haikutikisika.

Pandu alicheka kwa sauti. Simai hakucheka. Alisema kwa upole kwamba yeye alishawaambia, na sasa wameipoteza na oili yao bure. Akawafanyia ishara watu wake wasogee na kamba. Mmoja wao alishika gurudumu la mbele.

Mwatum aliwapita watu wote. Alisimama mbele ya yule mtu.

"Ondoa mkono wako. Trekta hili lina wenyewe, na wenyewe hawajamaliza kazi."

Yule mtu akaondoa mkono. Mwatum aligeuka kulitazama trekta. Alijilazimisha kutulia na kuyarudia yale aliyofundishwa tangu mwanzo, kama alivyofanywa ayarudie gerejini. Anza na mepesi. Pampu inazunguka? Akainama upande wa kushoto. Fimbo ndogo ilikuwa imetolewa. Borafya mwenyewe aliitoa asubuhi ili wafanye kazi kwa salama, na katika pirikapirika hakuna aliyeikumbuka.

Hakumpigia mumewe kelele. Alimwambia akanyage klachi. Borafya akakanyaga. Mwatum akaisukuma fimbo ndogo mpaka ikaingia pahala pake. Borafya akaachia klachi polepole.

Sauti ya trekta ilibadilika. Mikono ya chuma ikashtuka, ikapanda kidogo, ikasita, ikatetemeka. Pandu akafungua mdomo kusema, lakini Mwatum alimwambia mumewe aishushe na kuipandisha tena, bila ya mzigo, ili hewa iliyobaki ndani itoke. Mara ya pili ilipanda nusu. Baada ya hapo ikapanda moja kwa moja, laini, bila ya kulia, mpaka juu kabisa, ikakaa huko.

Bi Mwanakhamis alipiga kigelegele. Wengine wakampokea, na kuku wa Mwatum wakatawanyika ua mzima.

Walizima injini, wakapima oili tena. Ilikuwa imeshuka kidogo, kwa sababu mtungi na njia zake zilikwisha jaa. Wakaongeza mpaka kwenye alama. Mwatum alifunga mfuniko, akajifuta mikono, akamgeukia Simai. Alimshukuru kwa kuja, akamwambia njia ya kurudi mjini anaijua. Simai alilitazama trekta kwa muda, akauliza kama hawana vyuma vingine vya kuuza. Bi Mwanakhamis akampa sufuria lililotoboka.

Mchana ule ule Borafya alilifunga plau na kulima konde la Bi Mwanakhamis mpaka mwisho. Kila alipofika ukingoni, plau lilipanda na trekta likageuka. Siku zilizofuata walilima kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, konde baada ya konde. Walipanda mbegu zote. Mvua ya kwanza ya masika ilipiga wakati wanawake wanatoka bondeni, nao walirudi nyumbani wameroa, hawana haraka.

Tangu siku hiyo, trekta la wanawake halikulala nje tena. Walilijengea banda la makuti. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, kijiti kilivutwa na oili ikatazamwa kiasi chake na rangi yake. Kila mwanzo wa msimu chujio lilitolewa na kusafishwa. Wanawake wote wa bondeni walijifunza kazi hiyo, na Borafya aliwafundisha bila ya kuchoka kuulizwa maswali.

Mavuno ya mwaka ule yalijaza maghala yao, na hayakugawanywa na mtu. Mwatum alizirudisha spana Malindi kwa mkono wake, pamoja na kapu la mchele mpya. Fundi Mabrouk alisikiliza kisa chote huku anaendelea kufungua nati. Mwatum alipofika kwenye mpira wa fimbo ya gia, fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia zile spana akae nazo.

Wiki chache baadaye mwanamke mmoja wa Uzini alikuja Bambi. Aliuliza nyumba ya Mwatum binti Machano. Alisema wanaume wa kwao wamelitazama trekta la kijiji, mikono yake haipandi, na wamesema pampu imekufa.

"Wameifungua wakaiona?" aliuliza Mwatum.

Mgeni akasema hapana.

Mwatum aliingia ndani, akazifunga spana kwenye kanga, akamwita mumewe. Borafya alikuwa ameshachukua debe la oili. Wakatoka kwenda Uzini, Mwatum mbele.